Simu Iliyopokelewa na Mkamwana

Eliwaza mwanangu,

Shikamoo yako nitaipokea kesho asubuhi stendi, kwa hiyo salamu naziruka. Mama yako yuko jikoni anakufungia ndizi mshare kwenye boksi. Nimemwambia huko Mbeya ndizi ni za kumwaga, akanijibu kwamba za huko hawajui kuzipika. Sikubishana. Maagizo yote anayo yeye: shuka, sweta, usharika gani wa kusali, usipokee chakula cha mtu kwenye basi. Mimi nimejibakizia jambo moja tu, na najua nikilisema kwa mdomo nitaligeuza mzaha katikati, maana ndiyo tabia yangu. Kwa hiyo nimeamua kuliandika.

Unakumbuka siku uliporudi na habari ya kazi. Mama yako alichinja jogoo ambaye mimi nilikuwa nimekatazwa hata kumtazama vibaya. Tukiwa mezani ukatueleza kwamba utakuwa kwenye utafiti wa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, kuwafuatilia wakisharuhusiwa kwenda nyumbani, kujua kidonda kimekauka au kimeoza, homa ipo au haipo, mama yu hai au hayupo. Nikakuuliza mtawafuatiliaje. Ukacheka, ukasema, "Kwa simu tu, baba. Kazi nyepesi hiyo." Mama yako naye akacheka. Mimi nikasema natoka kufungia kuku, na kuku walikuwa wameshafungiwa.

Kazi hiyo nyepesi nimeifanya mimi. Ulikuwa bado shule ya msingi. Pale hospitalini kwetu, mlimani, ulikuja utafiti wa watu wanaofanyiwa upasuaji, na mimi nikiwa muuguzi wa wodi ya upasuaji nikachaguliwa kuwa mfuatiliaji. Utakumbuka zile fulana za semina, maana moja uliifanya gauni la kulalia mpaka ikachanika. Daktari aliyeusimamia utafiti alikuwa mtu mwema na mwenye bidii. Alitaka kujua jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilijua: tunawapasua watu, tunawashona, wanatoka getini wanatembea, halafu huko nyumbani wanakuwaje? Wodini tulikuwa tukidhani asiyerudi amepona. Yeye alisema asiyerudi huenda amepona, na huenda amezikwa. Swali lake lilikuwa la kweli, na mpaka leo naliheshimu. Kilichoharibika hakikuwa swali. Niliharibu mimi niliyetumwa kuliuliza.

Nilikuwa hodari, mwanangu. Nasema hivyo nikiona aibu. Wafuatiliaji wenzangu walikuwa wakileta majina ya watu wasiopatikana, simu zimezimwa, namba si zao. Mimi wangu wote nilikuwa nawapata. Nilijua saa za kupiga, watu wakiwa wametoka shamba na hawajaenda kuangalia ng'ombe. Daktari alinisifu mbele ya wenzangu, na sifa, kama unavyonijua, hunikolea upesi kama pombe ya mbege. Nikaanza kupiga simu kwa haraka. Salamu fupi, swali, jibu, alama, anayefuata.

Sasa nikueleze habari ya Mzee Lomayani. Alikuwa Mwarusha wa kule Kisongo, mtu mzima, mrefu, aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa henia. Alikuwa amekaa nayo muda mrefu akiificha chini ya shuka lake la lubega, mpaka ikamshinda. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alilala kwetu siku chache, hakuomba hata dawa ya maumivu, na kila nilipopita kitandani kwake alinitania kwamba sisi Wameru tunakula ndizi mpaka tunaota mikungu. Mimi nilimjibu kwamba wao wanakunywa maziwa mpaka wanaota pembe. Tulipendana kwa namna hiyo. Alipokuwa anaruhusiwa, mtoto wake wa kwanza, Meshaki, alikuja kumchukua. Meshaki alikuwa mpishi wa kambi za watalii, leo yuko Serengeti, kesho Ngorongoro, huko mtandao ukipatikana ni bahati. Nilipomwomba namba ya simu ya nyumbani akanipa ya mke wake, Nembris. Mzee hakuwa na simu. Mama mwenye nyumba, mke wa mzee, alikuwa hana simu na hajui Kiswahili. Nikaandika namba ya Nembris na kuwatakia safari njema.

Siku ya kupiga ilipofika nikapiga. Nembris akapokea. Nilisikia kwa nyuma ndama wanalia. Nikajitambulisha, nikauliza kidonda cha mzee kimekauka? Akanyamaza kidogo, halafu akasema mzee ni mzima. Nikauliza, kinatoa usaha? Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee ni mzima, daktari." Nikauliza habari ya homa, akarudia vilevile. Nikamshukuru, nikaweka alama kwenye upande wa waliopona, nikaenda kwa anayefuata.

Wewe umelelewa hapa, lakini umelelewa na sisi, watu wa semina na televisheni, kwa hiyo nikufafanulie. Nembris alikuwa mkamwana. Mkamwana wa pale hatamki jina la baba mkwe wake. Haketi alipoketi yeye, haingii alipolala. Na mimi, mwanamume asiyemjua, nilikuwa nampigia simu kumtaka anieleze hali ya kidonda kilichoko kwenye kinena cha baba mkwe. Hata kama angekuwa amekiona, na hakuwa amekiona, na haikuwezekana akione, angelisema kwa mdomo gani? Alinijibu jibu pekee aliloruhusiwa kulitoa bila kumvua nguo mzee wa watu. Alinyamaza kwanza ili nielewe. Akashusha sauti ili nielewe. Sikuelewa, au tuseme nilielewa na nikaendelea.

Usiseme baba hakujua. Hapo ndipo panaponiuma. Nilijua, Eliwaza, tena kwa uzoefu wa nyumbani kwangu. Babu yako wa Kikwe alipozibwa mkojo, mimi nilikuwa zamu mbali, na mama yako ndiye aliyekuwa naye. Alinipigia simu, tukaongea habari ya mvua, habari ya mahindi, habari yako na meno yako yaliyokuwa yanang'oka. Mwishoni akasema, "Baba siku hizi hateremki migombani." Hakusema neno jingine. Niliomba ruhusa saa ileile nikashuka Kikwe, na nikamkuta babu yako tumbo limejaa, jasho linamtoka, amekaa wima kwa ubishi. Tulimwahi. Mama yako hakuwahi kutamka ugonjwa wa mkwewe mpaka leo, na wala sikuhitaji autamke. Nilikuwa naijua lugha ya wakamwana tangu siku nilipooa. Lakini nilipokaa kwenye kiti cha utafiti, na kalamu ya utafiti mkononi, niliiacha nyumbani pamoja na kandambili zangu.

Yalikuwapo mengi ya kufanya. Ningemuuliza Nembris, mzee anatoka asubuhi kuangalia ng'ombe wakifunguliwa? Hilo angelijibu hata mbele ya watu. Ningemwambia, nipe yeyo, mama mkwe wako, nimsalimie, nikatafuta Mwarusha mmoja pale wodini azungumze na bibi kwa lugha yao. Ningepanda pikipiki nikaenda mwenyewe. Kutoka mlimani kwetu mpaka Kisongo ni safari ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Majuto ni mjukuu, tunasema, na mimi mjukuu huyu nimemlea muda mrefu kuliko nilivyowalea ninyi.

Walimleta Mzee Lomayani kwenye pikapu ya jirani, amefunikwa blanketi. Alikuwa ananuka. Daktari alipofungua mshono, usaha ulikuwa umejichimbia ndani na sumu imeshaingia kwenye damu. Meshaki alikuwa amerudi kutoka porini siku hiyohiyo, akamkuta baba yake kalala amegeukia ukutani, na mama yake akimkanda kwa maji ya moto na majani. Mzee alikuwa amemkataza bibi kusema. Wodini tulikuwa na msemo wetu, mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenzangu mmoja aliusema siku ile mbele ya kitanda. Nilitamani kumnyamazisha. Sikumnyamazisha. Mzee alinitambua, akajaribu kunitania habari ya ndizi, hakuimaliza. Alifariki mikononi mwetu.

Sasa sikiliza lililofuata, kwa sababu kifo chake sicho ninachokuandikia. Wagonjwa hufa hata mikononi mwa watu wasiokosea, na wewe utaliona hilo. Daktari alitoka nje kwenye korido, watoto wa mzee wamesimama pale, Meshaki na wadogo zake. Akanigeukia mimi, akaniuliza, bila hasira, kwa mshangao tu, "Si ulimpigia huyu?"

Nikasema, "Nilimpigia. Mkamwana alisema ni mzima."

Ni hayo tu, mwanangu. Angalia, hamna uongo ndani yake. Ukinipeleka mahakamani naapa na Biblia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nilisema kweli mbele ya wanaume watatu waliokuwa wanatafuta mahali pa kuutua msiba wao, na nikawaonyesha. Niliona Meshaki akiinamisha kichwa. Mdogo wake akamwangalia kaka yake kwa jicho ambalo sijalisahau. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza sentensi moja. Ningesema, lakini mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Korido ile si ndefu, walichukua muda kuondoka, nami nilikuwa nimesimama tu na kalamu yangu.

Nilikwenda kuzika. Hospitali ilitoa gari, na mimi nilikaa kiti cha mbele. Wanawake wa boma walikuwa wengi nyuma ya nyumba, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya viazi, wamekaa kwa makundi kama ilivyo kawaida ya msiba. Nembris alikuwa ameketi peke yake karibu na zizi la mbuzi. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua. Hakuna aliyekuwa amempa kisu wala ungo. Wewe ni mwanamke, unajua maana ya mkamwana wa nyumba kukaa bila kazi kwenye msiba wa nyumba yake. Nami nilijua. Nikala wali wao, nikanawa mikono, nikapanda gari.

Utanishangaa, au utanidharau kidogo, na nimekubali. Nilijiambia mambo ya kwao ni ya kwao, yatapoa. Nilijiambia nikisema, daktari ataniuliza na wale wengine nimewaulizaje. Hilo ndilo lilikuwa kubwa. Maana nilipojilaza na kuwaza, sikujua ni simu ngapi kati ya zile nilizosifiwa zilipokelewa na wakamwana, au na vijana wa kiume wanaoulizwa vidonda vya mama zao. Hapakuwa na mahali pa kuonyesha aliyepokea ni nani, wala mimi sikuona haja. Ningelisema lile moja, ingebidi yote yarudiwe. Matokeo yalipotangazwa kwenye mkutano pale mjini, yalionyesha kwamba wagonjwa wetu wengi wanapona vizuri nyumbani. Watu walifurahi. Wazo la kuwa na wauguzi wa kuwatembelea majumbani, ambalo daktari mwenyewe alikuwa amelileta, likaonekana halina haraka. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Mzee Lomayani hakufichwa, alihesabiwa kama mtu aliyezidiwa ghafla. Hakuzidiwa ghafla. Alizidiwa polepole, nyumbani kwake, kila asubuhi ng'ombe wakitoka bila yeye, na nyumba nzima ikijua.

Daktari yule baadaye alihama, na mimi nikarudi wodini. Fulana zikaisha. Nikawa sitaki kupita njia ya Kisongo, hata tulipokwenda kumpokea mjomba wako uwanja wa ndege nilimwambia mama yako nina mafua, aende yeye. Yeye alijua sina mafua, akaenda.

Jumamosi iliyopita uliniona nikitoka na viatu vya kanisani, ukaniuliza kama nina mchumba. Nilikwenda Kisongo. Kicheko chako cha siku ile mezani kilikuwa kimenikaa masikioni, na niliona siwezi kukusindikiza kwenda kwenye kazi hii nikiwa bado sijamaliza yangu.

Boma ni lilelile, ila sasa lina nyumba ya bati na tofali. Meshaki ameacha mambo ya kambi, ana mvi. Alinitambua haraka. Akawaita wadogo zake wawili wanaoishi hapohapo, wakaja wakidhani nimeleta habari ya msiba. Nembris akaleta chai. Alimimina bila kuniangalia usoni, na sikujua kama ananijua.

Nikawaeleza. Nilianza vibaya, nikizungukazunguka habari ya mvua na barabara, mpaka Meshaki akasema, "Mzee, sema." Basi nikasema. Niliwaambia simu nilipiga mimi, na maswali yale hayakuwa ya kumuuliza mkamwana, na nilijua hivyo nilipokuwa nauliza. Niliwaambia kwamba alichojibu ndicho alichofundishwa na nyumba yao wenyewe, kumheshimu baba yao, na kwamba pale kwenye korido nilimsukumia yeye kosa ili daktari asiniangalie mimi.

Mdogo wa mwisho alitoka nje. Meshaki akasugua magoti yake kwa viganja, akasema taratibu, "Mambo hayo yalikwisha, mzee. Mke wangu tulishamsamehe."

Nikamwambia, "Hapakuwa na kitu cha kumsamehe."

Nembris alikuwa bado amesimama mlangoni na chupa ya chai. Nilidhani atalia, au atanitukana, na matusi ningeyapokea. Aliongea kama mtu anayeeleza njia. Alisema, "Mama aliishi miaka mingi baada ya baba. Nilimpikia kila siku. Chai ya mkono wangu hakuinywa tena mpaka tunamzika. Ungekuja yeye akiwa hai."

Akaweka chupa mezani, akaenda kwenye shughuli zake.

Meshaki alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipoagana alinipa mkono, ila mkono wenyewe ulikuwa mzito. Sijui alimwambia nini mke wake aliporudi. Sina haki ya kujua. Nilirudi nyumbani ukaniuliza tena habari ya mchumba, nikakwambia amenikataa, ukacheka, nami nikacheka kwa sababu ya kukupenda tu.

Sikuandikii ili uogope simu. Pengine huko Mbeya hawapo wanaowaogopa wakwe namna hii, ingawa sidhani. Kila nyumba ina kitu ambacho aliyepokea simu hawezi kukitamka, na mama aliyepasuliwa tumbo amelala chumba cha pili, na anayeshika simu ni wifi yake, au baba mkwe, au mume anayeona aibu kuuliza. Watakwambia mzima. Wewe una akili kuliko mimi na utapata njia zako, uliza habari ya maji ya kuoga, uliza mtoto ananyonya akiwa amepakatwa na nani. Sitakufundisha, maana mama yako ndiye mwalimu wa lugha hiyo, na kesho stendi ukitaka muulize yeye.

Ninachokuomba ni kingine. Utakosea, Eliwaza. Si kwa sababu u mzembe, ni kwa sababu utakuwa hodari, na watakusifu, na utaharakisha. Na siku utakayogundua kwamba mtu mwingine amebeba kosa lako, hutakosa sababu nzuri za kungoja kidogo. Mimi nilikuwa nazo zote. Usingoje kama nilivyongoja. Nenda hata kama huna la kusema, nenda na viatu vyovyote, nenda wakati mama mkwe wa mtu bado anaweza kupokea kikombe.

Baba yako